Volti milioni kumi kwenye mkoba wa binti yako



Ndugu zangu, wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu mkiwa mmechoka na masomo, leo naomba mnivumilie kwa sababu naandika nikiwa na hasira. Ipo biashara imeingia majumbani mwetu kwa mlango wa huruma, nayo inawachuna wazazi wenye hofu. Na nina hasira zaidi na sisi wenyewe tulioikaribisha.

Kisa ni hiki. Juzijuzi, baada ya swala ya Isha, jirani yangu mmoja hapa Kibenga, mama wa watoto wanne, alinipigia hodi. Alikuwa na kitu ndani ya bahasha. "Fundi," akaniambia, "nitazamie hiki kama ni kizima kweli, maana nimenunua vitatu." (Kazi yangu ni ufundi wa umeme, miaka thelathini sasa, ndiyo maana watu huniletea kila kitu chenye waya.) Nikafungua bahasha. Ndani mlikuwa na tochi nyeusi, nene, yenye meno mawili ya chuma kichwani. Ukibonyeza kitufe cha kwanza, taa inawaka. Ukibonyeza cha pili, cheche za buluu zinaruka kati ya yale meno kwa kelele, tra-tra-tra, mpaka paka wangu akakimbilia uvunguni. Ubavuni pameandikwa kwa herufi za dhahabu: volti 10,000,000.

Milioni kumi! Nikamuuliza, "Dada, hivi vitatu ni vya nani?" Akanijibu kwamba ni vya binti zake, wawili wapo chuo na mmoja yupo sekondari. Muuzaji alimwambia mtu yeyote akiguswa na kile kitu anaanguka kama mzigo, hata awe na miraba minne, na binti anapata dakika tano za kukimbia. Bei aliyolipa nitaisitiri. Niseme tu kwamba ilitosha gunia la mchele.

Simlaumu mama huyu, na wala msimcheke. Kila mwenye binti hapa anajua tunakoishi. Tangu uhaba wa mafuta ulipoanza kutubana mwaka 2021 na kuzidi miaka iliyofuata, kupata basi jioni ni bahati. Pikipiki, bajaji na baiskeli nazo ziliondolewa katikati ya mji mwezi wa Machi 2022. Sasa mtoto anayesoma kampasi ya Mutanga akikosa basi, huvuka mji mzima kwa miguu kutoka kaskazini hadi kusini, na jua hapa kwetu linazama saa kumi na mbili mwaka mzima, halikungoji. Na huku kwetu ziwa lilipopanda mwaka 2021, na tena 2024, baadhi ya nyumba za upande wa chini zilihamwa. Njia ya kupita mbele ya nyumba tupu usiku, umeme umekatika, hata mimi mwanamume huwa nasoma dua nikipita.

Kwa hiyo hofu ni ya kweli. Kilicho cha uongo ni dawa tuliyouziwa.

Tuanze na hizo milioni kumi, kwa sababu hapo ndipo wizi ulipo. Hewa haipitishi umeme kirahisi. Ili cheche iruke kwenye hewa, inahitaji takriban volti 30,000 kwa kila sentimita moja ya nafasi, na ikiwa chuma kina ncha kali, hata chini ya hapo inatosha. Meno ya ile tochi yameachana sentimita mbili na nusu, nimeyapima kwa rula ya mwanangu. Fanya hesabu mwenyewe. Haliwezi kuzidi volti 75,000, kwa sababu likifika hapo cheche inaruka na volti zinaporomoka. Kama kweli lingekuwa na volti milioni kumi, cheche ingeruka zaidi ya mita tatu, yaani kutoka mlangoni mpaka ukuta wa pili wa chumba chako cha kulala. Mtu aliyechapa ile namba kwenye boksi alijua kwamba mteja hatapima. Namba ni rahisi kuchapa.

Na hata hizo volti 75,000 zisikutishe. Volti ni msukumo tu. Ni kama maji ya tangi lililowekwa juu sana, lakini bomba lake ni jembamba kama sindano: yanatoka kwa nguvu, ila hayajazi hata kikombe. Kinachoamua umeme utakufanya nini ni wingi unaopita mwilini, unapita kwa muda gani, na unapita wapi. Ukivua sweta la nailoni siku ya ukavu unaweza kupigwa na maelfu ya volti, ukasema "aah!" ukaendelea na shughuli zako. Lakini soketi ya ukutani ina volti 220 tu, na katika kazi hii nimehudhuria mazishi ya watu iliowaua.

Nilipokifungua kile kifaa nilikuta betri ndogo ya kuchaji, ubao mdogo wenye saketi inayougeuza umeme wa betri uwe wa kwenda na kurudi, transfoma ndogo ya kuupandisha, kisha kapasita na dayodi zilizomwagiwa gundi nyeusi za kuupandisha tena na tena. Mwisho nyaya mbili zinakwenda kwenye meno. Ni kazi safi, siidharau. Umeme ukigusa ngozi unapita kutoka jino moja hadi la pili, njia fupi, sentimita mbili na nusu chini ya ngozi, basi. Huko unachokuta ni mishipa ya fahamu ya maumivu. Kwa hiyo unauma. Unauma sana!

Najua kwa sababu mtoto wa yule mama, kijana wa miaka kumi na sita, alisema, "Mzee, tukijaribu kwako je?" Nami kwa ujinga wa kiume nikanyosha mkono. (Msiige. Mwenye moyo mgonjwa, mjamzito au mwenye kifafa asikaribie kabisa.) Ilikuwa kama nyigu ishirini kwa pamoja. Nilipiga kelele, nikavuta mkono, na kabla yule kijana hajamaliza kucheka, mkono wangu wa pili ulikuwa umeshamkamata kifundo na kile kitu kimeanguka sakafuni. Sikukusudia. Mwili wenyewe ulifanya hivyo. Mimi ni mtu wa miaka 57, magoti mabovu, na sikuwa na nia mbaya kwa mtoto yule. Sasa mweke mahali pangu kijana wa miaka 25 aliyelewa, aliyekwisha kuamua analolitaka. Ataumia, ndiyo. Halafu atakasirika. Halafu atakichukua. Na kikishakuwa mkononi mwake, nani atapigwa shoti?

Yule mama alinyamaza kimya. Ndipo akauliza swali ambalo najua na nyinyi mnaliuliza: "Lakini mbona kwenye sinema wanaanguka?"

Swali zuri. Wanaoanguka hupigwa na kitu kingine kabisa. Mmarekani mmoja, Jack Cover, aliyewahi kufanya kazi kwenye mambo ya safari za anga, ndiye aliyekitengeneza katika miaka ya 1970 na kukiita Taser, jina alilolitoa kwenye kitabu cha hadithi za watoto cha mwaka 1911. Silaha ile hurusha vishale viwili vyenye nyaya. Vishale vinanasa mwilini vikiwa vimeachana, pengine kimoja mgongoni na kingine karibu na paja, na umeme unapita kwenye misuli yote iliyo katikati. Ile aina waliyoishika polisi wengi tangu mwaka 2003, X26, ilipiga mapigo kama 19 kwa sekunde, kwa sekunde tano. Mapigo hayo huiga amri ambazo ubongo hutuma kwenye misuli. Misuli inakaza yote kwa pamoja, mtu haamui tena juu ya mwili wake, anaanguka. Na je, mnajua ni volti ngapi zinazofika mwilini kutoka silaha hiyo? Kama 1,200 tu. Elfu moja na mia mbili! Sasa linganisheni wenyewe: ya ukutani ni 220 na inaua, ya polisi ni 1,200 na inaangusha, na ile ya "milioni kumi" inafinya kama nyigu.

Siri ni umbali kati ya ncha mbili. Vishale vikitua karibu sana, hata silaha ya polisi haimwangushi mtu, inamuumiza tu. Polisi wenyewe wakiigusisha mwilini bila kurusha vishale, wanajua kwamba wanatumia maumivu, hawazuii misuli. Basi tochi yetu yenye meno ya sentimita mbili na nusu itafanyaje kile ambacho silaha ya polisi haiwezi ikikaribishwa hivyo? Na usisahau nguo. Koti zito au jaketi la jinzi linaweza kula sehemu kubwa ya ile cheche. Mvua ikinyesha na kichwa cha kifaa kikilowa, umeme hupita juu ya maji kati ya meno yenyewe, ukamwacha mshambuliaji salama salimini.

Hapa nichepuke kidogo. Shoti si kitu kigeni kwetu. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika wanamjua yule kambare wa umeme, na muulizeni yeyote aliyewahi kumshika kwa mkono mtupu. Waarabu walimwita mwenzake wa mto Nile ra'ad, jina lenye mzizi mmoja na neno letu radi. Tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1231, alimwandika katika kitabu chake kuhusu Misri, kwamba ukimgusa akiwa hai mkono unakufa ganzi huwezi kumshikilia. Ndugu zetu wa zamani walipima kitu kwanza, ndipo wakaandika. Sisi tunasoma boksi!

Turudi. Wapo watakaoniambia, "Fundi, unawakatisha tamaa wanawake, mbona Marekani wanaruhusu?" Ni kweli, na nisiifiche. Mwanamke mmoja wa Massachusetts, Jaime Caetano, alikuwa na kifaa kama hiki kwa sababu mwanamume aliyeachana naye alikuwa akimfuatafuata na kumpiga. Siku moja alimngoja nje ya kazini kwake. Akakitoa, akamuonyesha, akamwambia aondoke. Mwanamume yule akaogopa akaondoka. Baadaye mama huyo alihukumiwa kwa kosa la kumiliki kifaa hicho, kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 2016 majaji wakaitengua hukumu. Kisa hiki nakiheshimu sana. Lakini kitazameni vizuri. Kwanza, hakumgusa nacho. Kilichomwokoa ni kwamba yule mtu aliogopa, na mtu mwingine asingeogopa. Pili, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, hakutishwa na mgeni wa gizani. Alitishwa na mtu aliyelala naye nyumba moja.

Hapa sasa ndipo hasira yangu inapowageukia wazazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu zake mwaka 2021: karibu mwanamke mmoja kati ya watatu duniani amewahi kupigwa au kuingiliwa kwa nguvu, na kwa wengi wao aliyefanya hivyo ni mume au mwenza wake. Si jambazi wa barabarani. Nasi huku kwetu tunayajua ya kwetu, ila hatuyasemi barazani. Mjomba aliyekuja kukaa "wiki mbili". Kijana wa dukani anayemkopesha mtoto biskuti. Mwalimu wa tuisheni anayefunga mlango. Hata, Mwenyezi Mungu atusitiri, ustadhi. Hivi binti wa miaka kumi na tatu atamtolea mjomba wake tochi ya meno? Mjomba ambaye asubuhi ulimwambia amsalimie kwa adabu? Silaha hiyo haina kazi hapo. Kinachohitajika hapo ni mama ambaye mtoto anaweza kumwambia bila kupigwa kofi, na baba ambaye akisikia hataanza kwa kuuliza, "Ulikuwa umevaa nini?"

Nimewahi kukaa kwenye kikao cha familia (siwezi kusema cha nani) ambapo jambo kama hilo lilimalizwa kwa chai, kwa "suluhu", na mtuhumiwa akasoma dua ya kufunga. Sikusema kitu. Nilikuwa mdogo kwa umri katika kikao kile, nikanyamaza, na mpaka leo nikimwona yule binti, ambaye sasa ni mama wa watoto, nainamisha macho. Kwa hiyo msidhani ninawahubiria nikiwa juu ya mimbari. Nchi hii ina sheria ya tarehe 22 Septemba 2016 inayoadhibu ukatili wa namna hii. Na hapa Bujumbura kuna kituo cha Seruka, kilichoanzishwa mwaka 2003 na Madaktari Wasio na Mipaka, kwa ajili ya waliobakwa. Ni wazazi wangapi kati yetu wanaoijua saa sabini na mbili? Nazisema wazi: dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafaa zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayokwenda inapunguza faida. Binti anayejua hilo, na anayejua kwamba nyumbani ataaminiwa, amebeba kitu chenye maana kuliko tochi. Muuzaji wa shoti hakumwambia yule mama habari za saa 72. Hazina boksi lenye herufi za dhahabu.

Upande wa pili wako wale wanaofurahi wakisikia ninavyosema. "Si tuliwaambia? Mtoto wa kike akae nyumbani, yatakwisha." Hapana, hayatakwisha. Nimeshasema mengi ya haya yanatokea ndani ya nyumba. Na binti zetu wanasoma uuguzi, sheria, uhandisi. Mkeo akijifungua usiku utataka mwanamke amhudumie. Huyo mwanamke alipita barabara gani kwenda kusoma?

Nasema haya pia kwa sababu kujihami si dhambi. Anayeshambuliwa ana haki ya kujilinda na kulinda watu wake, dini yetu imelisema hilo waziwazi. Mabishano yangu si juu ya haki hiyo. Ni juu ya kifaa kinachompa binti ujasiri wa bandia, akapita njia ambayo asingepita, akasimama pale ambapo angekimbia, akamsogelea mtu ambaye angemkwepa. Kumbukeni, kifaa hiki hakifanyi kazi mpaka umguse mtu. Yaani ili ukitumie lazima uwe umeshafikiwa! Sekunde zile za kutafuta kwenye mkoba, kugeuza swichi ya usalama, kubonyeza, ndizo sekunde za kupiga mayowe na kutimua mbio kuelekea kwenye watu.

Yapo na mengine machache, niyataje haraka. Betri yake inaisha hata kisipotumika, na kwa umeme wetu huu wa kukatika, nani atakumbuka kukichaji kila wiki? Kinafanana na tochi, na nyumbani kuna watoto wadogo. Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kumwelekezea nduguye chuma hata kwa mzaha, nasi tunaweka chuma chenye shoti kwenye kabati moja na biskuti. Wenye ndugu Uingereza wanaotaka kubeba kama zawadi, wajue kwamba huko ni silaha iliyopigwa marufuku chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1968. Mwaka 1988 kesi ya kifaa cha namna hii ilifika mpaka kwa majaji wa House of Lords wakathibitisha hivyo, na kifungo kinaweza kufika miaka kumi. Kwenye mkoba wa ndani ya ndege usijaribu popote.

Na wale wanaosema "shoti haiui" wajihadhari na neno hilo. Mwezi Oktoba 2007 msafiri kutoka Poland, Robert Dziekański, mtu wa miaka 40 asiyejua Kiingereza, aliyekwama uwanja wa ndege wa Vancouver kwa masaa mengi, alipigwa Taser mara kadhaa na polisi wa Kanada akafa palepale sakafuni. Uchunguzi wa serikali ukafanyika. Mwaka 2009 kampuni yenyewe ikawashauri polisi wasilenge kifua. Jirani zetu wa Uganda wana habari chungu zaidi: ripoti ya Human Rights Watch ya Aprili 2009, kuhusu watu waliozuiliwa Kololo, Kampala, wengi wao Waislamu, inataja shoti za umeme miongoni mwa mateso waliyopewa. Maumivu makubwa, alama ndogo. Ndiyo sifa ya kifaa hiki tangu zamani, na mtu mwovu ndani ya nyumba anaipenda sifa hiyo kuliko binti anayerudi chuo. Fikirini kuhusu mume anayempiga mkewe. Fikirini kisha muwekeeni kifaa hicho sebuleni.

"Sasa tufanye nini, Fundi?" Yule mama aliniuliza hivyo, na sikuwa na jibu la kumtosheleza usiku ule. Tulikaa na mume wake na majirani wawili, tukahesabu. Kumbe katika mitaa yetu mitatu tu wapo wanafunzi wa kike kumi na mmoja wanaorudi baada ya magharibi, Waislamu na Wakristo, na kila mmoja alikuwa akirudi peke yake kwa sababu wazazi hatukuwa tunajuana namba za simu! Miaka minane tunaishi pamoja! Sasa wanangojana pale wanaposhukia barabara ya Rumonge, wakifika watano wanaondoka pamoja, na baba mmoja kwa zamu anawapokea. Zamu yangu ni Jumatatu na Alhamisi. Mzee wa Kikristo wa nyumba ya kona ana filimbi ya kuamulia mpira, amesema akisikia mayowe ataipuliza mpaka mtaa mzima utoke. Kuna baba mmoja alikataa kuingia kwenye zamu kwa kuwa "hana binti". Ana wavulana wanne. Nimemwambia wavulana wanne ndio sababu kubwa zaidi ya kuja, na kwamba aje nao. Bado hajaja.

Haitoshi, najua. Kuna siku mvua inanyesha na mwenye zamu anatuma ujumbe kwamba yuko kazini. Kuna siku binti mmoja anachelewa maabara na wenzake wameshaondoka, na hiyo ndiyo siku mama yake anayoiogopa. Siku hizo tunapigiana simu, na mtu anavaa viatu.

Zile tochi tatu alitaka kuzirudisha, muuzaji hakuonekana tena mahali pale. Nimezifungua zote, nikatoa ule ubao wa shoti na zile kapasita, nikaacha betri na taa. Taa yake ni nzuri, inamulika mpaka ng'ambo ya mtaro. Jana mdogo wao wa sekondari alikuwa akiitumia kuwaonyesha wenzake penye shimo.

Wassalaam alaykum.